Alama za Mdomo

Mwalimu Kamande alikuwa na desturi ya kusoma sheria zake zote siku ya kwanza, kwa sauti, ingawa kila mwanafunzi alikuwa amepewa nakala yake. Alisema watu wazima hawasomi wanachopewa. Basi asubuhi hiyo, katika chumba cha mwisho cha chuo kimoja pale Lodwar, feni ikizunguka juu bila kumpoza mtu yeyote, alisimama mbele ya semina yake ya anthropolojia, akasafisha koo na kuanza.

"Mahudhurio. Ukikosa mara tatu umefeli, na usiniletee barua ya daktari wala ya chifu. Kazi ikichelewa, inakatwa alama kila siku inayolala kwako. Simu zinakaa mfukoni. Nikiona moja juu ya meza, hiyo ni yangu mpaka jioni. Insha, alama thelathini. Wasilisho la mwisho, arobaini. Na kuchangia mjadala, thelathini." Akainua macho aone kama wamesikia. "Thelathini ni za mdomo tu. Mtu wa kukaa kimya hapa ndani, hata awe na akili ya kumwaga, ataenda nyumbani na akili yake. Na mwenzako akimaliza kuwasilisha, kila mtu atamuuliza swali. Nimesema kila mtu. Usipouliza unapoteza zako, na yeye asipojibu anapoteza zake."

Nyaruot alikuwa amekaa mstari wa mbele, miwani ikiwa katikati ya pua, akifuatisha kwa kidole. Alikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani, pengine hata kuliko mwalimu. Kwa miaka mingi alifundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea ya kambi ya Kakuma bila cheti chochote, mpaka siku moja mkaguzi alipomwita "yaya" mbele ya watoto wake, naye akaamua kwamba atasoma hata kama mvi zitaonekana kwenye picha ya kuhitimu. Alizipenda sheria za Kamande. Kambini sheria nyingi mtu huzijua baada ya kuzivunja. Hizi zilikuwa zimepigwa chapa, na kila moja ilikuwa na namba yake.

Mlango ukafunguliwa. Kijana mrefu akaingia, akafungua kinywa aombe radhi kwa kuchelewa, kisha akaona nani amekaa mbele. Kinywa kikafungwa. Akainamisha uso, akapita akiusugua ukuta kwa bega, akaenda kukaa nyuma kabisa, mgongoni kwa Ruben, karani mmoja mwenye mabega mapana. Nyaruot naye alivuta lawa yake, ile shuka ya maua ambayo wanawake wa kwao hufunga begani, akajifunika kichwa na kukaza macho ubaoni.

Yule kijana alikuwa Gatkuoth, mkwe wake.

Kwa Wanuer, mwanamume aliyeposa hali chakula mbele ya mama mkwe wake, hazungumzi mbele yake, wala hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akapita kichakani. Hudumu hivyo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe, ndipo siku maalumu huwekwa ya kumfungua mdomo. Nyumbani siku hiyo ilikuwa ya ng'ombe; Kakuma imekuwa ya mbuzi. Hiyo si chuki wala woga. Ni heshima, na Nyaruot aliitaka kwa ajili ya Elyse, binti yake wa pekee, ili asije mtu akasema msichana wa kambini aliolewa kienyeji.

Elyse alijua kwamba wote wawili wamejiandikisha Lodwar. Hakusema, kwa sababu habari za mkwe hazipelekwi kwa mkwe, na pia kwa sababu alidhani chuo cha Lodwar ni kikubwa kama vyuo alivyokuwa akiviona kwenye simu. Kumbe kilikuwa vyumba vichache na mikoma miwili uani. Somo lile lilikuwa la lazima, lilifundishwa mara moja kwa mwaka, na darasa lilikuwa hilo hilo moja.

*

Lililomuuma Nyaruot si ule ukimya. Ukimya aliuzoea. Kilichomuuma ni mdomo ulionyamazishwa.

Maana Gatkuoth huyu alikulia kando ya moto wake. Nyumba ya bibi yake ilitazamana na yake, Kakuma Wani, sehemu ya kwanza ya kambi, upande ule wanaouita Hong Kong, na bibi alikuwa hana nguvu tena za kupika wala za kujibu maswali. Jioni upepo ulipotulia na vumbi likarudi chini, watoto wa mtaa walijikusanya kwa Nyaruot, naye akiwa anasonga walwal, chakula cha madonge ya unga wa mtama, aliwasimulia habari za zamani: kamba iliyoning'inia kutoka mbinguni, watu wakipanda na kushuka, wakizeeka huku chini wakarudi juu kuwa vijana, mpaka fisi na ndege wakaikata. Watoto wote walikuwa wakinyamaza hapo, wakitazama juu kama kuna kipande kilichobaki.

Wote isipokuwa mmoja. "Nani alikuwepo akaona?" Gatkuoth aliuliza.

"Babu zetu."

"Babu yupi? Alikuwa juu au chini? Kama alikuwa juu, alishukaje kuja kusema?"

Wenzake walimcheka. Nyaruot alimpa donge lingine la walwal ili limfunge kinywa. Alilila lote, akalamba vidole, akauliza tena. Wakati mwingine walibishana mpaka moto ukabaki majivu, mwanamke mzima na mtoto asiye na viatu, na alipokwenda kulala Nyaruot alijikuta anatabasamu peke yake. Hakuwahi kuwa na mtu wa kubishana naye namna ile tangu mume wake afariki. Ndiyo maana Elyse alipomwambia ni nani anayetaka kumposa, alifurahi kwanza, na furaha ikamtokea puani hapo hapo alipokumbuka kwamba kuanzia siku ya posa hatamsikia tena.

Sasa alikaa darasani, mtu amekaa nyuma yake mistari mitatu, naye akamkosa kana kwamba yuko nchi nyingine.

*

Juma la pili Kamande alianza kuita majina.

"Gatkuoth. Kwa nini unafikiri watu wa mahali fulani wanaweza kukataa kula nyama ambayo wengine wanaitamani?"

Kiti kikalia nyuma. Nyaruot alijua kwamba amesimama. Akasubiri, mikono ikishika ukingo wa meza. Kiti kikalia tena.

"Mdomo umeacha Kakuma?" Kamande aliuliza, na darasa likacheka, si kwa ubaya.

Iliendelea hivyo. Nyaruot mwenyewe alijibu alipoulizwa, kwa sauti ya chini, maneno mawili matatu, akimwelekea mwalimu tu. Wakati ule alikuwa amepanga chumba Nawoitorong pamoja na Chepkirui, mama wa Bomet aliyefanya kazi katika ofisi moja ya kaunti na kusoma kwa likizo alizozipigania. Chepkirui alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Hakujua lolote.

Ndipo Nyaruot alipofikia uamuzi wake wa kimyakimya. Siku moja aliamka, akafua, akakaa chumbani. Jioni Chepkirui alirudi akitupa viatu.

"Ulikuwa wapi? Leo umekosa mambo. Yule kijana wa nyuma, haki nilidhani ni bubu. Aliongea mpaka mwalimu akakaa chini. Alimuuliza Ruben maswali mpaka Ruben akatoa jasho."

"Maswali gani?" Nyaruot aliuliza, akikunja nguo ambayo ilikuwa imekwisha kunjwa.

"Ati Ruben alisema hadithi ya wazee wao, huyo kijana akamuuliza, nani alikuwepo akaona."

Nyaruot aligeukia dirisha. Chepkirui akaenda kuwasha jiko.

Akakosa mara ya pili, kwa makusudi. Zaidi ya hapo hakuweza, kwa sababu ya namba moja katika sheria za Kamande. Lakini kulikuwa pia na siku ambazo Gatkuoth hakuja. Siku hizo Nyaruot alihisi mabega yanalegea, akazungumza kwa kirefu, akaeleza jinsi watoto wa makabila tofauti wanavyojifunza kucheza pamoja kabla hawajajua lugha, na Kamande akaandika ubaoni alichosema. Alidhani kijana anaumwa.

Katikati ya muhula mwalimu alisoma hali ya kila mtu mbele ya wote, kwa kuwa aliamini aibu kidogo husaidia.

"Mama Nyaruot, unachangia vizuri ukiamua, lakini umekosa mara mbili. Moja tena, tunaonana mwaka ujao. Gatkuoth." Akavua miwani. "Wewe insha yako ndiyo bora humu ndani, nakwambia ukweli. Lakini mjadala una siku mbili tu za maana, na wewe pia umekosa mara mbili. Usipowasilisha na kujibu maswali ya kila mtu, hupiti hata ukiandika kwa dhahabu."

Mara mbili. Nyaruot alihesabu haraka siku zile alizozungumza sana, siku ambazo kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na akaelewa. Kijana hakuwa ameumwa hata siku moja. Alikuwa amekaa chumbani kwake mahali fulani Lodwar, akimwachia mama mkwe nafasi ya kufungua kinywa, kama vile yeye alivyomwachia. Kila mmoja alikuwa amemnunulia mwenziwe siku mbili, na sasa wote wawili walikuwa hawana kitu mfukoni.

*

Mapumziko yalipofika alipata kibali cha kusafiri, akarudi Kakuma. Elyse alimpokea kwa chai na kwa uso uliovimba kwa kulia. Thuok, kaka wa marehemu mume wa Nyaruot, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba, alikuwa ameshafika na ameshakalia kiti kizuri.

"Mama," Elyse alisema kabla kikombe hakijapoa, "acha somo hilo mwaka huu. Wewe unajilipia, utarudi. Yeye akianguka somo moja wafadhili wake wanamtoa. Na nikimwona anafunga begi, najua anakwenda Juba kutafuta. Wewe unajua wanaokwenda Juba kutafuta."

Nyaruot alijua. Mume wake mwenyewe alikwenda kutafuta.

"Mwaka ujao mimi nitakuwa na umri gani?" aliuliza polepole. "Kila mwaka wananiambia mwaka ujao. Mkaguzi akija tena atanikuta bado ni yaya."

"Hakuna anayekuita yaya."

"Hawaniiti mbele yako."

Elyse akavuta ushungi wake machoni. Nyaruot akamgeukia Thuok. "Shemeji, na tukimfungua mdomo sasa? Mbuzi nitampata mimi."

Thuok alitikisa kichwa kabla hajamaliza kusikia. "Mtoto yuko wapi? Hakuna mtoto, hakuna mbuzi. Watu watasema nini, kwamba nyumba ya ndugu yangu ilifungua mdomo wa mkwe kwa sababu ya mtihani? Hata hao ndugu zake watatudharau. Binti huyu ndiye atakayelipa." Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Ningekuwa na njia ningekupa. Sina."

Elyse alitoka nje kuanika nguo, maana akiwa na huzuni hufua. Alitandaza lawa kubwa ya mama yake juu ya kamba iliyopita kati ya nyumba na jiko. Nyaruot akamfuata akae kivulini upande wa huku. Na hapo ndipo aliposikia lango la miiba likisogezwa, nyayo zikaja, kisha zikasimama ghafla upande wa pili wa kile kitambaa.

Kikohozi kikasikika. Alikijua. Gatkuoth alikuwa ameleta sukari na majani ya chai, kama mkwe apasavyo kufanya, na amekiona kivuli cha miguu yake.

Upepo uliisukuma lawa huku na huku, ikatoa maji matone matone vumbini. Nyaruot alikaa palepale, na kwa mara ya kwanza tangu posa hakuhisi haja ya kuinuka na kukimbia. Akamkumbuka bibi yake, zamani, kijijini, mwaka ule mto ulipofurika. Ng'ombe walikuwa wanazama, na mtu pekee aliyejua walipofungwa alikuwa bibi, na mtu pekee mwenye nguvu za kuwatoa alikuwa mkwe wake mpya, mume wa mama mdogo wa Nyaruot, ambaye alikuwa bado hajapata mtoto. Bibi akaenda akasimama nyuma ya ua wa matete, akamwelekeza kutoka hapo, kwa sauti kubwa, neno baada ya neno, naye akajibu kutoka upande wa pili. Hakuna aliyeona aibu. Matete yalikuwa yamesimama katikati, na hilo lilitosha.

Mfuko wa sukari ukawekwa chini. Nyayo zikarudi. Nyaruot akaishika lawa ile mbichi akaipima uzito wake kwa vidole.

*

Ofisi ya Kamande ilikuwa na kiti kimoja cha wageni na marundo ya karatasi juu yake. Aliyahamisha chini ili Nyaruot akae.

"Mwalimu, mimi nataka kuambia wewe kitu," alianza. Kiswahili chake kilikuwa cha Kakuma, cha kuokotwa kwenye foleni za maji na sokoni, na mbele ya wenye vyeti kilimtoka vibaya zaidi. "Hii kijana, Gatkuoth. Hawezi kuongea kwa sababu ya mimi."

Kamande aliweka kalamu chini. Uso wake ukabadilika. "Amekukosea? Sema tu. Hapa tuna taratibu, na mimi nitakusimamia."

"Hapana. Hapana, mwalimu." Alikuwa amekuja kumtetea kijana, na sasa alikuwa karibu amtie doa. "Yeye ni mkwe yangu. Ameposa msichana yangu. Kwetu hawezi kuongea mbele ya mimi mpaka mtoto azaliwe."

Kamande akasimama, akashika kabati la vitabu, akageuka. "Mama Nyaruot. Miaka yote hii nafundisha wanafunzi habari za kuepukana na wakwe. Niliwafundisha juzi. Nilisema ni jambo la zamani." Macho yalikuwa yanang'aa. "Na lilikuwa limekaa mbele yangu. Unajua hii ni nini? Tungeweza kurekodi. Mngekuwa mfano hai. Tungeandika kitu, mimi na wewe, jina lako likawa juu."

Nyaruot aliikumbuka siku hiyo ya juzi. Kamande alikuwa amesimulia desturi hiyo vizuri, na watu walicheka, kicheko chepesi tu, na Ruben akasema yeye angeipenda sheria hiyo ianze kesho kwa mama mkwe wake. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye daftari. Hakutaka kusema, "Ni mimi." Kwa yeye kuogopa kicheko kama hicho tu, kijana amepoteza nusu ya muhula.

"Mwalimu," alisema, "mimi si mfano. Mimi ni mama ya huyo msichana."

Kamande alikaa chini taratibu. Alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa kiziwi. "Samahani," akasema. "Umesema kweli. Samahani sana."

"Naweza kukaa nje ya dirisha? Nitasikia yote."

"Sheria ni ndani ya darasa. Si yangu peke yangu, ni ya idara, na rejista inakaguliwa. Aliye nje hayupo. Na swali lazima umuulize, ama nyote wawili mnapoteza."

"Ndani ya darasa," Nyaruot alirudia.

"Ndani."

"Na katikati, naweza kuweka kitu?"

Kamande alichukua nakala ya sheria zake mwenyewe, akaipitia toka juu hadi chini kama mtu anayetafuta deni lake. "Hakuna mahali imeandikwa huwezi," akasema.

*

Asubuhi ya wasilisho alimpigia Thuok simu. Thuok alisikiliza, akaguna, akamkumbuka hata yeye yule bibi wa ua wa matete.

"Kitambaa ni kizito?"

"Ni kizito."

"Hakionyeshi?"

"Hakionyeshi, shemeji."

"Basi kiwe kizito kweli," alisema, akakata.

Chepkirui alipoelezwa, chumbani, akiwa na mswaki kinywani, alikaa kitandani akalia kidogo kisha akacheka. "Kwa hivyo zile siku ulikuwa unafua bure?" Wakamchukua na Nelly, mwanafunzi mwenzao, msichana wa Kataboi aliyekuwa mrefu wa kutosha. Nelly hakushangaa. "Ejok, ni sawa, mama," alisema. "Hata kwetu kuna watu hawatajwi majina. Nitashika."

Darasa lilipokaa, Nyaruot alitembea hadi pembeni mwa dirisha akiwa na kiti chake. Kila mtu alimwona. Alisikia viti vikigeuka, akasikia Ruben akianza kuuliza kitu, akasikia na mtu mmoja nyuma akifungua begi kutafuta simu. Aliifungua lawa begani. Chepkirui akashika pembe moja, Nelly nyingine, wakaiinua, na maua yake makubwa mekundu yakasimama kati yake na dunia yote.

"Sheria namba tatu," sauti ya Kamande ilisema upande wa pili. "Simu. Nikiona moja, si mpaka jioni tu. Ni mpaka mwisho wa muhula." Begi likafungwa. "Mama Nyaruot yuko ndani ya darasa. Nimeandika. Gatkuoth, tuko tayari."

Kiti kikalia. Nyayo zikaja mbele. Halafu Nyaruot akafikiri kwamba amejianika bure mbele ya watu hawa wote.

"Mimi nitaongea," ilisema sauti, "juu ya moto wa mama mmoja wa Hong Kong."

Ilikuwa imekuwa nzito. Hilo hakulitegemea. Masikioni mwake ilikuwa imebaki ya yule mtoto wa pale motoni, na sasa ilikuwa ya mtu mzima, ikijaa chumba bila kupandishwa. Lakini ilivyokimbia mwanzo wa sentensi na kupumzika mwishoni, hiyo ilikuwa ile ile. Aliongea habari za watoto waliozaliwa mahali ambapo hakuna mto wala ng'ombe, wakasikia motoni kwa mtu juu ya mto na ng'ombe mpaka wakaviota. Alisema vitabu vya watu waliosoma vinasema desturi hubebwa na koo na wazee. Yeye alisema, Kakuma, desturi ilibebwa na yeyote aliyekuwa na chakula jioni hiyo. Aliisimulia kamba. Alimsimulia fisi. Aliusimulia moshi wa kuni za mathenge ulivyochoma macho, na mama alivyofuta sufuria kwa upindo wa lawa. Hakumtaja jina.

Nyaruot alikuwa ameziba kinywa kwa kiganja. Machozi yalishuka, naye akayaacha, kwa kuwa huko aliko hakuna aliyemwona ila Chepkirui, na Chepkirui alikuwa na yake.

Maswali yakaanza. Ruben aliuliza, akajibiwa. Wengine wakauliza, wakajibiwa, na mara mbili darasa likacheka, na mara moja wakabishana mpaka Kamande akagonga meza. Nelly akauliza lake akiwa ameshika pembe ya kitambaa, Chepkirui vilevile. Kisha majina yakaisha.

"Limebaki swali moja," Kamande alisema.

Nyaruot alikuwa ameandaa swali kwa juma zima. Lilikuwa swali zuri, la kitabuni, lenye maneno makubwa ya Kiswahili aliyokuwa amemwomba Chepkirui ayasahihishe. Alilitafuta, halikuwepo. Akasikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka, na kilichotoka kilitoka kwa Kinuer, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili wapewe alama.

"Nani alikuwepo akaona?"

Feni ikazunguka. Nje, chini ya mikoma, mbuzi wa mtu alilia akanyamaza.

"Mimi," sauti ikasema. "Mimi nilikuwepo, Mama. Ulinipa donge la pili ili ninyamaze."

Nyaruot alicheka ndani ya machozi, akajifuta kwa kiganja.

"Na hukunyamaza," alisema.

Chepkirui akabadilisha mkono, na lawa ikabaki palepale juu.